Maswali ya wasomaji: Nguvu za ngumi zinatoka wapi, na hiyo poda ninunue?

*Habari kocha. Mimi bondia hapa Naguru, kilo 63, vyuma nabeba mwaka wa pili sasa. Kuna mwenzangu mwembamba kuniliko lakini kwenye skwati (kuchuchumaa na vyuma mabegani) ananiacha mbali, na akipiga begi jimu nzima inageuka. Muuza sapulimenti mmoja mjini kaniambia shida yangu ni mishipa, nichomwe sindano za vitamini B halafu ninunue poda ya kreatini. Ni kweli?*

Ndugu yangu, huyo muuzaji kapatia nusu. Yawezekana kabisa tofauti yako na mwenzako iko kwenye mishipa ya fahamu, yaani neva, ila dawa yake haiuzwi dukani.

Msuli peke yake hauamui kitu, unangoja amri. Amri inatoka ubongoni, inashuka uti wa mgongo, inaingia kwenye neva, na kila neva inashika kikundi chake cha nyuzi za msuli, kwenye jicho ni nyuzi chache tu, kwenye paja ni mamia kwa mamia. Sasa ukibeba kitu chepesi polepole mwili unaamsha vile vikundi vidogo tu, vile vikubwa vyenye nguvu nyingi vinabaki vimelala mpaka mzigo uwe mzito kweli au wewe mwenyewe uamue kwenda kwa kasi yako yote. Ndo maana mtu akianza vyuma wiki za mwanzo nguvu zinapanda mbio na mkono haujanenepa hata kidogo, hapo si nyama imeongezeka, ni neva zimejifunza kuita vikundi vingi kwa pamoja, kuvipelekea amri haraka haraka, na kuutuliza msuli wa upande wa pili usivute kinyume.

Hilo la kutuliza ndo mabondia wengi hawalijui. Mwaka 2010 mtafiti wa Kanada, Stuart McGill, na wenzake walipima misuli ya wapiganaji wa MMA (mapigano ya mchanganyiko wa ngumi, mateke na mieleka) wakati wanapiga, wakakuta msuli unakaza mara mbili: mwanzo ngumi inapoondoka, halafu unalegea katikati ili mkono uende kasi, halafu unakaza tena pale inapogonga. Anayekaza mwanzo mpaka mwisho anajifungia breki mwenyewe. Mtazame mwenzako mabega yake kabla hajapiga, nadhani utakuta yamelegea, na yako yamepanda mpaka masikioni.

Uganda yetu imeona ngumi za aina hiyo, John Mugabi aliwaangusha wapinzani wake wote 25 kabla hajakutana na bingwa wa dunia Marvin Hagler Las Vegas Machi 1986, na mkanda wa dunia wa WBC (Baraza la Ngumi la Dunia) akaja kuuchukua 1989. Uzito wake wa pale mwanzo haukuwa wa kutisha, yaani kilo 70 hivi.

Kwa hiyo fanya hivi. Siku mbili kwa wiki beba mzito, ule unaoweza kuunyanyua mara tatu mpaka tano tu, upumzike dakika tatu au zaidi kabla ya seti nyingine hata kama wenzako wanakuona mvivu, manake neva zikichoka zinaacha kuita vile vikundi vikubwa na unabaki unafanya mazoezi ya pumzi tu. Fanya ukiwa umelala vizuri, na usiweke baada ya sparingi (ngumi za mazoezi na mwenzako). Siku nyingine piga begi ngumi chache chache, tatu nne za nguvu zote, pumzika, rudia. Ukiona kasi imeshuka, acha hapo hapo.

Sindano sasa. Vitamini B12 ikipungua mwilini kweli neva zinaharibika, ganzi miguuni, udhaifu, mtu anahitaji matibabu. Lakini kama unakula mukene (dagaa), mayai, maziwa au nyama, kwa kawaida huna upungufu huo, na kuongeza juu yake hakukupi nguvu hata gramu. Tena vitamini B6 ikizidi kwa muda mrefu yenyewe ndo inaharibu neva. Usichomwe sindano na muuza duka, tafadhali.

Kreatini ni habari nyingine, hiyo inafanya kazi, ila ndani ya msuli, inasaidia kurudisha haraka ile nishati ya sekunde chache za nguvu. Gramu 3 mpaka 5 kwa siku zinatosha na haijakatazwa michezoni. Shida yake kwako ni mizani: inavuta maji msulini na unaweza kupanda kilo moja hivi, sasa wewe wa kilo 63 siku ya kupima uzito utalia. Halafu poda za kopo zisizojulikana wakati mwingine zina vitu vilivyokatazwa ambavyo havijaandikwa, na ukipimwa vikakutwa mwilini, kesi ni yako, muuzaji hayupo.

*Kocha, niko Kasese, kickboxing. Kabla ya sparingi nakunywa eneji drinki mbili na kijiko cha poda ya kuamsha mwili. Mikono inatetemeka, moyo unaenda mbio, usiku silali. Nipunguze au mwili utazoea?*

Punguza leo, dada, usingoje uzoee. Kafeini, ile iliyo kwenye eneji drinki na kahawa, haikupi nishati yoyote, inaziba tu mahali ubongoni ambapo ujumbe wa uchovu unapokelewa. Inasaidia kweli, miligramu 3 kwa kila kilo ya mwili tayari zinatosha kwa watu wengi, kwa mtu wa kilo 60 ni 180, karibu vikombe viwili vya kahawa. Wewe hata hujui poda ina ngapi. Na baada ya masaa matano hivi nusu yake bado iko mwilini, ukinywa saa kumi na moja jioni, saa nne usiku bado unayo, usingizi utatoka wapi? Na usingizi ndo wakati ubongo unashika ulichojifunza mazoezini. Kahawa mnayo hapo hapo kwenye milima ya Rwenzori, kunywa kikombe kimoja, na moyo ukiendelea kwenda mbio nenda hospitali wakupime.

*Niko Arua, nimevunjika mkono wa kushoto kwenye boda, nina plasta. Nisimame kabisa?*

Pole sana kaka. Usisimame, daktari wako akikubali endelea na mkono wa kulia, mzito. Tangu 1894 inajulikana kwamba ukifundisha upande mmoja, upande wa pili nao unapata sehemu ya nguvu, manake amri inatoka ubongo mmoja. Mkono hautapona haraka zaidi ila nguvu utakazopoteza zitakuwa chache.

*Kocha, naandika kwa ajili ya mdogo wangu, ana miaka 17, tuko Bombo. Jumanne aliangushwa kwenye sparingi, alizimia kidogo akaamka. Mpaka leo kichwa kinauma, mwanga unamsumbua, anasahau sahau. Mwalimu wake anasema avae hedigia (kofia ya kukinga kichwa) apigane Jumamosi.*

Asipigane Jumamosi. Huo ni mtikisiko wa ubongo. Ngumi ya kidevu inazungusha kichwa ghafla, ubongo ndani unasokotwa, na hedigia haizuii mzunguko huo, inasaidia michubuko na kupasuka ngozi, ndo maana wanaume wakubwa wa ngumi za ridhaa walivuliwa hedigia tangu 2013. Akipigwa tena kabla hajapona, hata ngumi ndogo, ubongo wa kijana unaweza kuvimba ghafla na akafa. Na madhara ya miaka mingi yanajulikana zamani, daktari Harrison Martland aliyaandika 1928, mabondia wanaopepesuka na kuchanganyikiwa.

Mpeleke akaonwe na daktari leo. Akitapika, akipata degedege, akiwa mgumu kuamka, mkono au mguu ukilegea, au kichwa kikizidi kuuma, hapo ni dharura, usiku huo huo. Siku mbili za kwanza apumzike, simu kidogo, halafu kutembea, mbio nyepesi, kupiga ngumi hewani, begi, hatua moja kwa siku, dalili zikirudi arudi nyuma. Ulingoni, kwa vile alizimia, asiguswe kichwa kwa siku 90 kwa uchache, na daktari akimpa zaidi, mkubali. Mwalimu akibisha mwonyeshe ukurasa huu, na kama bado anabisha, mtafutie mdogo wako klabu nyingine.