Apdeti ya simu: tumbane nani?

Msimu wa korosho ukifunguka, simu mpya zinaingia Newala, Masasi na Tandahimba kwa wingi. Miezi michache baadaye maswali yanaanza kumiminika. Safari hii mengi yamekuja na lalamiko moja: simu inasumbua, kampuni ya laini imeombwa apdeti, yaani toleo jipya la programu ya simu au rekebisho lake, na kampuni haijibu.

Nina laini ya kampuni moja miaka mingi. Kila nikienda dukani kwao kudai Android mpya naambiwa nisubiri. Nisubiri hadi lini? – Masasi

Usisubiri, hawana cha kukupa. Google hutoa Android, mfumo unaoiendesha simu, kisha kampuni iliyounda simu yako huichukua na kuirekebisha ilingane na chipu na kamera yake, halafu huituma moja kwa moja kwenye simu kupitia intaneti. Kampuni ya laini kazi yake hapo ni kupitisha data tu. Huyo anayekwambia "subiri" anakutoa dukani kwa upole. Angekuelekeza kwa mtengenezaji angekuokolea nauli.

Ila kama simu ina nembo ya kampuni ya laini yenyewe, au uliichukua kwao kwa mkopo, hiyo wamekuuzia wao. Wabane.

Nimesoma kwamba Marekani wateja walizibana kampuni za simu hadi suala likafika serikalini. Sisi tunashindwa nini? – Mwalimu mstaafu, Nachingwea

Shikamoo mwalimu. Ulichosoma ni kweli. Aprili 2013 shirika la kutetea haki la ACLU lilipeleka malalamiko kwa FTC, tume ya Marekani inayolinda walaji, dhidi ya AT&T, Verizon, Sprint na T-Mobile. Kampuni hizo zilikuwa zikiuza simu za Android kwa mikataba ya miaka miwili, kisha zinaziacha na mapengo ya usalama yanayojulikana bila kumwonya mteja. ACLU ilitaka mteja aruhusiwe kuvunja mkataba bila faini, au abadilishiwe simu.

Hoja ile ilisimama kwa sababu kule kampuni ya laini ndiyo iliyouza simu, ikaifungia kwenye mtandao wake na kuijaza programu zake. Apdeti haikumfikia mteja mpaka wao waipime na kuipitisha. Rekebisho lilikuwa tayari kwa mtengenezaji, limekwama mezani kwa mtu mwingine. Mwaka 2015 ikagundulika kasoro iliyoitwa Stagefright, ambayo kwayo ujumbe mmoja wa video ungeweza kumfungulia mhalifu mlango wa simu. Agosti mwaka huohuo Google na Samsung zikaahidi marekebisho ya usalama kila mwezi. Mwaka uliofuata FCC, mdhibiti wa mawasiliano wa huko, ikaziandikia kampuni za laini kuuliza apdeti zinacheleweshwa na nini, na FTC ikawauliza hayohayo watengenezaji 8.

Sasa tazama kwetu. Wengi tunanunua simu kwa fedha taslimu, haijafungwa kwa mtandao wowote, na ndani tunaweka laini mbili za kampuni mbili. Utambana yupi kati yao? Mlango wetu ni wa mtengenezaji, na nao si mwepesi. Uholanzi, chama cha walaji cha Consumentenbond kiliishitaki Samsung mwaka 2016 kikidai apdeti kwa muda mrefu zaidi, na mwaka 2018 mahakama ya The Hague ikayakataa madai.

Kilicholeta tofauti ni sheria. Tangu 29 Aprili 2024, Uingereza inamlazimu mtengenezaji kutangaza simu yake itapata marekebisho ya usalama hadi lini. Umoja wa Ulaya, kuanzia 20 Juni 2025, unataka apdeti ziendelee angalau miaka 5 tangu toleo hilo la simu lilipoacha kuingizwa sokoni. Hapa TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, tayari hukagua aina za simu kabla hazijaruhusiwa kuuzwa. Kuongeza sharti kwamba boksi liandikwe mwezi na mwaka wa apdeti ya mwisho si mzigo mkubwa kwa yeyote, labda kwa yule asiyetaka tujue. Mwalimu, wewe una kalamu nzuri kuliko mimi. Waandikie TCRA, na nakala uipeleke Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano.

Simu yangu hurudi nyuma saa moja yenyewe, leo sawa kesho imeharibika. Ramadhani kengele ya daku iliniletea aibu nyumbani. Napiga 100, wanasema hawaoni tatizo. Watume rekebisho basi! – Kilambo

Pole, ndugu yangu. Hawaoni tatizo kwa sababu simu haina ugonjwa wala programu haina kasoro. Ng'ambo ya Ruvuma ni Msumbiji, na saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Mawimbi ya minara yao hayasimami ukingoni kusubiri muhuri wa uhamiaji. Mnara wa kwetu ukizidiwa nguvu, simu inajishika wa kwao, na mnara huo unaiambia iko saa za Msumbiji. Kengele uliyoitega saa 10 alfajiri inalia saa 11 ya kwetu, na daku imekwisha.

Fungua Mipangilio, ingia Tarehe na Saa, zima kipengele kinachochagua ukanda wa saa chenyewe, kisha chagua Dar es Salaam au Nairobi. Saa yenyewe iache ijirekebishe kiotomatiki, ukanda tu ndio uufunge. Halafu nenda kwenye mipangilio ya mtandao wa simu, zima uchaguzi wa kiotomatiki, na uchague mtandao wa laini yako kwa mkono. Zima pia data ya ugenini, maana wapo wanaolala na bando na kuamka hawana, wakadhani wameibiwa. Ukisafiri kwenda Mtwara mjini kumbuka kurudisha uchaguzi wa mtandao kama ulivyokuwa.

Lipo lakini jambo la kuidai kampuni, nalo ni mnara. Mawimbi ya kwetu yangekuwa na nguvu kijijini kwako, simu isingevuka mto. Hilo usilipeleke peke yako kwa simu ya 100. Lipitie serikali ya kijiji, diwani ahusike, barua iende kwa kampuni na kwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa kwa sheria ya 2006 kusaidia maeneo ambayo kampuni hazioni faida ya kwenda. Orodhesheni vitongoji vinavyoshika mtandao wa Msumbiji na saa linapotokea.

Simu ilifanya apdeti usiku, asubuhi intaneti haipo ingawa kupiga napiga. Kampuni ya laini inasema simu mbovu, aliyeniuzia anasema laini mbovu. – Karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), Tandahimba

Hao wawili watakuzungusha mpaka minada ya korosho iishe. Wamalize hivi: chukua laini yako uitie kwenye simu ya mwenzako, na laini ya mwenzako ya mtandao uleule uitie kwenye yako. Laini yako ikigoma kwenye simu ya pili, tatizo ni la kampuni ya laini. Laini zote mbili zikigoma kwenye simu yako, tatizo ni la simu.

Kwa dalili unazoeleza nadhani ni la simu, na dogo. Apdeti nyingine hufuta APN, yaani anwani ambayo simu hutumia kuingia intaneti. Piga 100 uombe watume mipangilio ya intaneti, ikifika ihifadhi, zima simu, washa. Hili ni haki yako kuwadai, maana anwani hiyo ni yao.

Isipopona, lalamiko liwe na mwili. "Mtandao unasumbua" haimfikishi fundi wao popote. Andika toleo la simu, namba ya programu iliyo kwenye Kuhusu Simu, tarehe ya apdeti, mahali ulipo, na matokeo ya kubadilishana laini. Dai namba ya kumbukumbu ya lalamiko na uihifadhi. Wakikaa kimya, TCRA hupokea malalamiko ya mteja aliyekwisha kuanza kwa mtoa huduma, na namba hiyo ndiyo ushahidi kwamba ulianza.

Fundi ananiambia anaweza kuiflashi, yaani kuifuta na kuipakia programu nyingine, simu yangu ya mkopo iwe na Android mpya na kufuli la deni liondoke. – Mkanaledi, Mtwara

Kataa. Simu bado si yako mpaka umalize deni. Programu aliyoipakua kusikojulikana nayo ndiyo utakayoingizia namba ya siri ya fedha zako.

Kitochi changu cha intaneti niliuziwa kwa tangazo la WhatsApp. Sasa WhatsApp haifanyi kazi. Kampuni iliyoniuzia inirekebishie. – Lindi mjini

Una haki ya kukasirika, dada, lakini rekebisho halipo. Vitochi vya namna hiyo vingi vinatumia mfumo wa KaiOS, na Meta, wenye WhatsApp, wameuacha. Mwanzoni mwa 2025 waliziacha pia simu za Android 4.4 na za chini ya hapo. Muuzaji hawezi kuirudisha. Unachoweza kumdai ni aache kuuza vilivyobaki kwa tangazo lilelile, na ukiliona bado limebandikwa, lipige picha uipeleke Tume ya Ushindani.

Nimenunua simu ya jina kubwa, ya bei ya kutupa. Inasema ina Android mpya kabisa, ila apdeti haijawahi kuja hata moja. Nimwandikie mtengenezaji? – Kilwa Masoko

Kabla ya barua, piga *#06#, chukua namba ya IMEI, yaani kitambulisho cha simu chenye tarakimu 15, uitume kwa ujumbe kwenda 15090, namba ya kuhakiki simu. Jibu litakutajia jina na aina ya simu. Likitaja aina nyingine kabisa na uliyoishika, umeuziwa feki iliyobandikwa IMEI ya simu nyingine, na maandishi ya Android mpya ni mapambo tu. Simu za bandia zilizimwa nchi nzima Juni 2016, lakini waliojifunza kuiga namba bado wapo. Mrudie muuzaji ukiwa na risiti na jibu la 15090.

Apdeti ni zaidi ya GB moja. Bando langu la wiki halifiki hapo. Niiache? – Ruangwa

Usiiache, ihamishe. Weka simu ipakue kwa Wi-Fi tu, siku ukipita ofisini au kwa jamaa mwenye intaneti ya nyumbani, ukiwa na chaji zaidi ya nusu. Wakati huohuo sasisha kivinjari na programu za benki kutoka Play Store. Hizo ni ndogo, na haziwasubiri walioiunda simu.