Mumeo yuko Beni: majibu ya mama

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini mumeo, tangu aende Beni, mashariki mwa Kongo, na kikosi cha ulinzi wa amani cha Umoja wa Mataifa, anakata simu baada ya dakika mbili na hataki tena maneno ya chumbani. Umeuliza pia kama amepata mwingine. Wewe ni mke wa mtu, kwa hiyo nitasema wazi.

Mwili unaokesha kwa tahadhari hauna nafasi ya hamu. Kambi za kule si za mchezo: Desemba 2017, pale Semuliki, walinda amani wa Tanzania zaidi ya kumi waliuawa kwa usiku mmoja. Anayelala akisikilizia milio, usingizi wake hukatikakatika, homoni za kiume hushuka, na hamu ya tendo ni miongoni mwa vitu vya kwanza kupotea. Wengi pia huziba moyo ili wamudu kazi, na anayeziba hofu huishia kuziba na mapenzi. Muulize vilevile anameza dawa gani ya kukinga malaria. Kama ni meflokwini, huweza kuleta ndoto za kutisha, wasiwasi na huzuni, na daktari wa kikosi anaweza kumbadilishia.

Kuhusu mwingine, sikuapii. Tangu 2003 Umoja wa Mataifa umepiga marufuku kununua ngono na kulala na aliye chini ya miaka 18, na kusema hukujua umri wake si utetezi. Lakini kanuni hailali na mtu kitandani. Akirudi, pimeni UKIMWI pamoja, mtumie kondomu, kisha mrudie kupima miezi mitatu baada ya siku aliyorudi, kwa sababu kipimo cha haraka huweza kukosa maambukizi mapya.

Simu, zipangieni siku mbili kwa wiki, asipokuwa lindoni. Beni iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa moja, na wengi hukosana kwa hilo tu. Dakika kumi na tano zinatosha. Anza na mambo ya nyumbani: mtoto kaota jino, fundi kamaliza paa. Ya ada na madeni mwandikie, ayasome akiwa ametulia. Ugomvi usiuanzishe mwishoni mwa simu, maana akikata anashika bunduki. Usimuulize doria inaelekea wapi. Picha za utupu usitume hata akiomba; simu za kambini huazimwa na hupotea. Mtumie sauti yako, ukimwambia unachokikumbuka kwake.

Sasa akirudi, na hapa ndipo ndoa nyingi huteleza. Mke amejiandaa, amefukiza udi, na mume anashindwa. Yeye anaona aibu, mke anaona hatakiwi, usiku wa pili wanageuziana migongo. Kubalianeni mapema, kwa mdomo, kwamba wiki ya kwanza mtalala mmekumbatiana, mtakandana, na tendo si lazima. Uume ukikataa kusimama, usiulize maswali papo hapo na usimtafutie dawa za mitaani. Pombe huzidisha tatizo, mpunguze. Usimwamshe kwa kumgusa. Simama miguuni pa kitanda umwite jina.

Kushtukashtuka siku za mwanzo ni kawaida. Lakini ndoto za vita, hasira, kukwepa watu na kuwa macho muda wote vikipita mwezi mzima, nendeni hospitali ya jeshi Lugalo, au kitengo cha afya ya akili Muhimbili. Akiandikiwa dawa za sonona, ujue baadhi hupunguza hamu au huchelewesha kufika kileleni. Asiziache ghafla, amweleze daktari, dozi au aina ibadilishwe. Akitamka kwamba heri afe, usingoje kesho: mpeleke siku hiyohiyo, na silaha yoyote isikae karibu naye.

Kwa wiki hii, anza na lile swali la dawa ya malaria. Ni rahisi kujibu, na halimtii aibu.

Mama yako