Tangazo la Nyumba ya Luchelele Lililokaa Miezi 11 Bila Mnunuzi

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa dada mmoja anayeishi Bwiru, hapa Mwanza. Anauza nyumba ya vyumba vitatu, ameitangaza kupitia madalali wanne, ameshusha bei mara mbili, na bado kila anayefika kuitazama huondoka akiahidi kupiga simu ambayo haipigwi. Aliniambatishia tangazo lake akitaka nimwonyeshe kosa lilipo. Nililisoma na moyo ukanienda mbio, kwa sababu lilifanana kabisa na tangazo langu la kwanza: "Nyumba nzuri ya kisasa inauzwa, ipo sehemu tulivu, huduma zote za kijamii zipo, bei maelewano." Kwa maneno hayo hayo nilitangaza nyumba ya marehemu baba kwa miezi 11, na sikupata hata mtu mmoja wa kuweka fedha mezani.

Nyumba yenyewe iko Luchelele, kwenye mteremko unaoshuka kuelekea Ziwa Victoria, mahali ambapo jioni jua huzama ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema. Baba aliijenga kwa mshahara wa ualimu, chumba kimoja kila alipojaliwa, na alihamia humo kabla hata ya kupiga lipu. Alipofariki, tulikubaliana kuiuza ili mama ahamie kwa dada yetu mkubwa Buhongwa, kwa kuwa miguu yake haikuweza tena kupanda ule mteremko. Mimi ndiye niliyekuwa nimebaki Mwanza, kwa hiyo kazi ya kuuza iliniangukia. Ndugu zangu walio Dar es Salaam na Dodoma walikuwa wakinipigia simu kila mwisho wa mwezi kuuliza kulikoni, na sitaficha kwamba kufikia mwezi wa sita maswali yao yalikuwa yakinichoma kama tuhuma.

Dalali wa kwanza alikuja saa 1 usiku, akapiga picha saba kwa simu huku taa ya sebuleni ikiwaka, akaondoka. Katika picha hizo ukuta ulionekana wa njano, ndoo za maji zilikuwa zimepangwa mlangoni, kanga za mama zilikuwa zimeanikwa dirishani, na picha mbili zilionyesha chumba kile kile. Alizisambaza kwenye makundi ya WhatsApp akiongeza neno moja ambalo sikumruhusu kuliandika: "dharura". Neno hilo lilitugharimu sana. Mtu anayesoma kwamba nyumba inauzwa kwa dharura huelewa kwamba mwenye nyumba amebanwa, kwa hiyo huja na bei ya mtu aliyebanwa. Tulikuwa tunataka milioni 120. Mteja wa kwanza alitaja milioni 70.

Mteja wa tatu ndiye aliyeniachia kidonda. Alikuwa mtu mwenye uwezo, amekuja na mkewe, akasimama katikati ya sebule, akavuta hewa, akatazama dari, kisha akasema mbele ya mama kwamba nyumba inanuka popo na kwamba kwa milioni 60 angeweza kuifikiria. Mama alikuwa amewaandalia chai. Aliondoka taratibu kwenda jikoni na hakurudi mpaka walipokwenda zao. Nilimkasirikia yule bwana kwa muda mrefu, na ukali wa maneno yake bado sijausahau, lakini popo walikuwepo kweli, na mimi nilijua walikuwepo. Nilimleta mtu kutoka Pasiansi mpaka Luchelele bila kumwambia, nikamwachia ajigundulie mwenyewe, na akishagundua jambo moja lililofichwa hawezi tena kuamini la pili.

Mwalimu wangu halisi hakuwa yeye. Alikuwa mzee mmoja aliyetoka Kisesa kwa daladala, akabadilisha gari mara mbili, akatembea sehemu ya mwisho kwa miguu. Alipofika getini hakuingia. Aliuliza akiwa amesimama pale pale: maji ya bomba yanatoka siku ngapi kwa wiki? Gari dogo linafika hapa wakati wa masika? Karo la maji taka mmelichimba wapi katika mawe haya? Mwaka 2020 ziwa lilipopanda, maji yalifikia wapi? Hati ina jina la nani? Warithi ni wangapi, na wote wamekubali? Kodi ya pango la ardhi imelipwa mpaka lini? Nilimjibu yote, mengine kwa kubabaika. Alipomaliza alinishukuru, akakataa kuingia ndani, akasema: "Mwanangu, nyumba ni nzuri, lakini si ya kwangu, mimi nina gari la kubeba mizigo na barabara hii hainifai. Ningejua hilo nisingepoteza siku."

Usiku ule nilichukua daftari, nikaandika maswali yake saba upande mmoja na tangazo letu upande wa pili. Tangazo halikujibu hata moja. "Huduma zote za kijamii zipo" haimwambii mtu wa Mwanza kitu chochote, kwa sababu katika mji huu uliojengwa juu ya vilima na mawe, bomba linaweza kuwepo ukutani na presha ya maji isifike. "Sehemu tulivu" inaweza kuwa sehemu isiyofikika. Mnunuzi wa hapa hana mashaka na rangi ya ukuta. Mashaka yake ni maji, mwamba, barabara, ziwa na karatasi, na asipoona vimetajwa hudhani vimefichwa.

Basi niliandika upya, na nitaliweka tangazo hilo hapa lote, kwa sababu ndilo jibu langu kwa dada wa Bwiru:

"Nyumba ya vyumba vitatu, kimoja kina choo na bafu ndani, inauzwa Luchelele, Wilaya ya Nyamagana. Kiwanja kimepimwa na kina mita za mraba 780. Hati ni ya miaka 99 na mnunuzi ataonyeshwa. Nyumba ni ya mirathi: msimamizi ameteuliwa na mahakama, na warithi wote sita, mama mjane akiwemo, wameridhia mauzo kwa maandishi. Kodi ya pango la ardhi imelipwa na stakabadhi zipo. Kutoka lami hadi getini ni mita 600 za barabara ya vumbi. Gari dogo hufika isipokuwa siku za mvua kubwa za masika, ambapo mita 80 za mwisho ni za gari la juu au za miguu. Maji ya bomba hutoka siku nne kwa wiki, na kuna tenki la lita 5,000 juu ya mnara. Mita ya umeme ya LUKU ni ya nyumba hii peke yake. Nyumba iko mita 210 kutoka ukingo wa ziwa, na mwaka 2020 maji hayakuikaribia. Uani upande wa mashariki kuna mwamba mkubwa. Karo limechimbwa upande wa kusini penye udongo, kina chake ni futi 12. Dari la sebule lilikuwa na popo. Limebadilishwa lote na mianya ya bati imezibwa. Bei ni shilingi milioni 110."

Kaka yangu wa Dodoma alipolisoma alinipigia simu kwa hasira. Alisema hajawahi kuona muuzaji anayetaja popo, na kwamba nimeweka barabara mbovu mbele ya wateja kabla hawajaiona nyumba. Nilimwambia wataiona tu, kwa hiyo ni afadhali waione wakiwa wamekwisha kuikubali. Hatukuelewana siku hiyo.

Kila namba iliyomo nilipima mwenyewe kwa futi ya kamba au niliiona kwenye karatasi. Umbali wa ziwa una uzito wake wa kisheria, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufuo, na watu wa kando ya ziwa wanalijua hilo vizuri kuliko madalali wanavyodhani. Ukiandika "inatazama ziwa" bila kutaja mita, unamvutia mtu na kumtia hofu kwa wakati mmoja. Vivyo hivyo kuhusu kodi: tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, na wengi wetu tukaridhika tukidhani tumemaliza, wakati kodi ya pango la ardhi inadaiwa mbali na hiyo. Sisi tulikuta tunadaiwa ya miaka mitatu. Tuliilipa kwanza.

Habari ya mahakama na kuandikisha msimamizi wa mirathi kwenye hati ilichukua miezi na sitaisimulia hapa. Niseme tu kwamba ianze kabla ya tangazo, si baada ya kupata mnunuzi.

Kuhusu picha, nilijifunza kuisubiri nuru. Uso wa nyumba yetu unatazama mashariki, kwa hiyo niliupiga saa 2 asubuhi jua likiwa linauangaza. Veranda ya nyuma inayotazama ghuba niliipiga saa 11 na nusu jioni. Mchana sikupiga hata moja, kwa sababu jua la utosini hulifanya bati kumeremeta na kuitia nyumba yote giza. Simu niliilaza kwa upana, nikasimama kwenye kona ya kila chumba kwa kimo cha kifua, mapazia yakiwa wazi na taa zimezimwa. Nilitoa ndoo, nguo, kalenda za zamani na nusu ya makochi. Picha ya familia iliyokuwa ukutani mama aliishusha kwa mikono yake, nami nilitoka nje kwa muda. Mwamba, ambao dalali alikuwa ameukwepa katika picha zote, niliupiga ukiwa mzima, pamoja na mwembe ulio kando yake, kwa sababu baba alikuwa akikaa juu yake kila jioni na hakuna mahali pa kukaa pazuri kuliko pale. Nikapiga pia tenki, mita ya LUKU, njia ya kuingilia na zile mita 80 zenye makorongo.

Matengenezo yalikuwa machache: dari, rangi nyeupe sebuleni na jikoni, bawaba ya geti, na bomba la jikoni lililokuwa likivuja. Tulitumia shilingi 2,400,000. Rafiki yangu alinishauri niweke marumaru mpya na jipsamu. Nilikataa, na ninashukuru kwamba nilikataa, kwa maana mnunuzi hulipia ladha yake na siyo yangu.

Tangazo jipya lilitoka mwanzoni mwa Julai 2025. Simu zilipungua, hilo ni kweli. Zamani nilikuwa napokea ishirini kwa wiki na sasa zilikuwa nne au tano, lakini waliopiga walikuwa wanauliza siku ya kuja, si bei ya mwisho. Katika wiki ya tano alikuja mama mmoja mfanyabiashara kutoka Geita. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita 3, lilikuwa limefunguliwa mwezi Juni, kwa hiyo alivuka bila kusubiri kivuko na akafika kabla ya saa 4 asubuhi. Alikuwa ameliandika tangazo langu kwenye karatasi, akalikagua mstari kwa mstari: alifungua bomba, alipanda kuangalia tenki, alihesabu hatua za barabara, aliomba kuingia darini. Aliposhuka alisema, "Kila ulichokiandika nimekikuta." Wiki mbili baadaye, baada ya wakili wake kufanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, alilipa milioni 107. Hakutaja popo hata mara moja.

Nilimpigia kaka yangu nikamtajia kiasi, naye alikaa kimya, kisha akasema nimefanya kazi ya kiume. Kwangu hilo lilitosha kuwa malipo ya miezi yote ile.

Ndiyo maana ninawaambia ndugu zangu mnaouza nyumba: acheni sifa tupu, andikeni vipimo. Andikeni ukweli hata pale unapouma, kwa kuwa mnunuzi anatoa akiba ya maisha yake, na kumficha ubovu ni kumdhulumu hata kama sheria haikukamati. Wewe dada wa Bwiru umeniambia nyumba ni ya ndoa na mumeo yuko safarini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenza, kwa hiyo pata ridhaa yake kwa maandishi kwanza, kisha iandike kwenye mstari wa tatu wa tangazo, kabla ya kutaja vigae. Halafu pima umbali wako na ziwa. Kisha ondoa neno "maelewano" na uweke bei unayoweza kuitetea.

Na siku utakapouza, waandikie madalali wote wanne wafute picha. Mimi niliwasahau wawili, na mwezi wa pili baada ya mauzo watu walikuwa bado wanagonga geti la yule mama wa Geita wakiulizia nyumba. Alinipigia kwa upole, nami nilikwenda Luchelele siku hiyo hiyo kumwomba radhi, nikamkuta amekaa juu ya mwamba wa baba akimenya ndizi.