Makongoro bila presha kuka

Dada, umeuliza utachemshaje supu ya makongoro bila presha kuka wala blenda. Mbona mama zetu waliipika! Chukua sufuria nzito, funika, juu ya mfuniko laza mchi wa kinu ili mvuke usitoroke ovyo. Mkaa uwe wa wastani, ichemke kwa muda wa saa 3 hadi 4. Maji yakipungua ongeza ya moto. Ukipata papai bichi, tupia vipande viwili, utomvu wake hulainisha nyama. Tangawizi na kitunguu saumu viponde kwa chupa ya soda. Kuchuja, chujio la chai linatosha. Kanga mpya usijaribu: mimi nilijaribu, supu ikatoka bluu. Ndimu kamulia bakulini, ukishaepua.