Kifundo cha mguu cha mzee: huenda ni jongo

Ndugu yangu wa Tanga, umesema kifundo cha mguu cha mzee kimevimba mara ya tatu mwaka huu, eksirei safi, na kila mara anakandwa kama aliyeteguka. Kwanza acheni kumkanda. Uvimbe unaozuka usiku bila kuanguka, ukaisha wenyewe kwa wiki moja au mbili kisha ukarudi, ni wa kushuku jongo, yaani fuwele za asidi ya yuriki (taka iliyomo damuni) zinazojijenga kwenye kiungo, ingawa wengi hulijua la kidole gumba cha mguu tu.

Eksirei ya mapema huwa safi. Mfupa ulioliwa huonekana baada ya miaka. Asidi ya yuriki nayo hudanganya: wakati wa maumivu yaweza kusoma kawaida, hivyo pimeni tena wiki 2 hadi 4 baada ya uvimbe kuisha. Ikizidi 6.8 mg/dL fuwele zaweza kujijenga. Kipimo cha kukata maneno ni kuvuta maji ya kiungo na kuzitafuta fuwele kwa hadubini. Akipata homa, mpelekeni hospitali ya Bombo siku hiyohiyo: kiungo chenye usaha hufanana mno na jongo.

Muulizeni daktari kuhusu alopurinoli, dawa ya kushusha yuriki. Huanza 100 mg kwa siku, au chini ya hapo figo zikiwa dhaifu, ikipandishwa taratibu mpaka yuriki ishuke chini ya 6. Miezi ya mwanzo maumivu yaweza kurudi. Hapo ndipo wengi huitupa, na ndipo kifundo kinapoharibika. Onyesheni na vidonge vya presha, maana haidroklorothiazaidi hupandisha yuriki. Dagaa na maini apunguze, ila chakula peke yake mara chache hutosha.