Barua kwa Mwanangu Kuhusu Kuchekwa

Mwanangu mpendwa,

Barua yako tumeisoma mara mbili, mara ya kwanza mimi peke yangu, na mara ya pili mama yako akiwa kando yangu na kunikatiza kila aya. Unauliza utajuaje kama ni Mungu anayekuita uache kazi yenye mshahara mzuri ukasomee uchungaji, au ni kichwa chako tu, ilhali wenzako kazini, na hata mchumba wako, wanaona huo ni upumbavu. Nitalifikia swali hilo. Kwanza niruhusu niseme juu ya kuchekwa, kwa sababu nimehesabu: neno "wananicheka" limo mara nne katika barua yako, na jina la Mungu limo mara tatu.

Unajua ninalosema siku zote: Nuhu aliagizwa kujenga, hakuagizwa kuwashawishi majirani. Alipewa vipimo vya safina, dhiraa 300 urefu, 50 upana na 30 kwenda juu, lakini hakupewa hata neno moja la kuwajibu watu. Najua, Petro anamwita mhubiri wa haki. Mama yako ndiye aliyenionyesha mstari huo, tena kwa furaha kidogo kupita kiasi. Haya, huenda alihubiri. Lakini nilipoirudia habari hiyo katika Mwanzo nilikuta kwamba hapaandikwi popote kuwa majirani walimcheka. Kicheko hicho tumekiongeza sisi katika mahubiri yetu. Kicheko kinachosikika wazi katika kitabu hicho ni cha Ibrahimu, sura ya 17, aliyeanguka kifudifudi akacheka, na cha Sara, sura ya 18, aliyecheka moyoni pale mlangoni pa hema. Waliocheka ni wale wale waliopewa ahadi.

Habari ya ghala unaijua, ila unaijua kama tulivyozoea kuisimulia. Nilitakiwa nitie saini kwamba nimepokea magunia 40, na yaliyoshushwa mbele ya macho yangu yalikuwa 31. Nilikataa, na baada ya miezi miwili jina langu likawa la kwanza katika orodha ya waliopunguzwa kazi. Wenzangu walikuwa wameshaanza kuniita "mtume". Hilo halikuniuma, na nikisema kweli lilinipendeza kidogo, jambo ambalo mpaka leo linanitia shaka kama siku ile nilikuwa namtii Mungu tu au nilikuwa najitazama pia. Kilichoniuma ni siku ukoo ulipokusanyika, baba yako mkubwa akaniuliza mbele ya wote: "Huyo Mungu wako amekuajiri kitengo gani siku hizi?" Watu wakaangua kicheko. Wewe ulikuwa na miaka tisa, umeegemea goti langu, nawe ukacheka. Hukujua unachocheka; watoto hucheka wakubwa wakicheka, na sikulaumu. Lakini kicheko chako ndicho nilichokwenda nacho nyumbani. Usiku ule nilimuuliza mama yako kama nilikosea. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema viatu vyako vya shule vimekwisha.

Nakuandikia hayo, halafu nakumbuka kwamba mfano wangu haukufai sana. Kushuhudia uongo kumekatazwa katika Amri Kumi. Sikuhitaji ndoto wala sauti ili nijue la kufanya, nilihitaji tu kuzuia mkono wangu usitie saini. Lako halikuandikwa. Hakuna amri inayosema uache kazi hiyo, wala inayosema ubaki, na hapo ndipo ugumu wa swali lako ulipo, kuliko kucheka kwa watu.

Soma Yeremia 32, hasa mstari wa 8, polepole. Yerusalemu umezingirwa na jeshi la Babeli, naye Yeremia amefungwa katika uwanja wa walinzi, na neno linamjia kwamba Hanameli, mwana wa mjomba wake, atakuja kumwuzia shamba la Anathothi. Kununua shamba wakati kama huo! Kisha Hanameli akaja kweli, na hapo ndipo nabii anaposema alijua kuwa neno lile ni la Bwana. Ona basi, hata Yeremia alijua mlango ulipogongwa. Akapima shekeli 17 za fedha, akatia hati muhuri mbele ya mashahidi, akaagiza iwekwe katika chombo cha udongo ikae siku nyingi. Baada ya kulipa ndipo akaomba, na maombi yake yanakaribia kuwa malalamiko: mji unachukuliwa, nawe umeniambia ninunue shamba?

Lakini ngoja. Hanania naye, nabii wa siku zile zile, sura ya 28 ya kitabu hicho, alisema "Bwana asema", akavunja nira iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, na hakuwa ametumwa. Kwa hiyo kusema kwa uhakika si ushahidi, na kuchekwa pia si ushahidi. Wapo wanaochekwa kwa sababu kweli wamefanya upumbavu. Nuhu aliagizwa kujenga, narudia, lakini aliagizwa. Je, wewe umeagizwa, au umechoshwa na mkuu wako wa kazi? Wachungaji wanaokufahamu wanasemaje? Kuna Hanameli yeyote aliyekwisha kubisha hodi? Na tafadhali mtoe mchumba wako katika orodha ya wanaokucheka. Wenzako watacheka kisha watarudi makwao. Mchumba wako ndiye atakayeishi na hiyo hati ndani ya nyumba, na ana haki ya kuuliza habari za viatu.

Mahali hapa nilikuwa nimeandika sentensi moja ya kukuambia la kufanya. Nimeikata kwa wino mara mbili ili usiisome hata ukiielekeza kwenye mwanga. Mama yako hakubali. Anasema mzazi mwenye maoni asijifanye hana. Maoni ninayo, na yananiwasha, lakini siku ile ya magunia hakuna aliyeniamulia.

Ukishaamua, tupigie sisi kwanza kabla baba yako mkubwa hajasikia kwa wengine. Na ukisikia upande wa pili wa simu nimecheka kidogo, nikikana usiniamini. Sara naye alikana.

Baba yako