Mapapa motoni

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza: huyu Dante wa Italia, kama alikuwa Mkristo kweli, mbona katika utenzi wake aliwatia Mapapa motoni? Au ni siasa tu, alikuwa analipa kisasi?

Kisasi kimo, sikufichi. Mwaka 1300 Dante alikuwa miongoni mwa viongozi wa Florence, mji wake wa kuzaliwa. Mwaka 1302 wapinzani wake, waliobebwa na Papa Bonifasi VIII, walimhukumu kwa rushwa akiwa hayupo, kisha wakaongeza kwamba akikamatwa achomwe moto. Hakuiona tena Florence hadi alipofia Ravenna, 1321.

Sasa fungua Jehanamu, sehemu ya kwanza ya utenzi huo, wimbo wa 19. Waliouza vyeo vya Kanisa wamechomekwa kichwa chini katika mashimo ya mawe, nyayo zinawaka moto. Papa Nikolao III anahisi mtu amesimama juu yake (ni Dante mwenyewe, ndiye msafiri wa utenzi), anadhani ni Bonifasi, anashangaa kuwa amewahi kufika. Kumbe safari inayosimuliwa ni ya 1300, Bonifasi yuko hai Roma, na shimo lake linamngoja! Hapo hucheka kila mara, Mungu anisamehe.

Ila wengi huishia hapo. Mwaka 1303 watu wa mfalme wa Ufaransa walimvamia Bonifasi huyohuyo mjini Anagni wakamshika. Ungedhani Dante atapiga vigelegele. Wapi! Katika Toharani, sehemu ya pili, tunasikia kwamba aliyekamatwa pale ni Kristo, amedhihakiwa upya na kunyweshwa siki upya. Mtu alimchukia, kiti cha Upapa alikiheshimu. Hukohuko Toharani, roho ya Marco wa Lombardia inasema Roma ilikuwa na majua mawili, moja, Kaisari, la kumulika njia ya dunia, la pili, Papa, njia ya Mungu. Sasa moja limemzima mwenzake, na upanga umeshikwa pamoja na fimbo ya mchungaji. Kwa hiyo swali lako la imani au siasa, yeye asingelielewa. Papa aliyetaka ufalme alikuwa ameharibu vyote viwili.

Ukikosa muda, soma Paradiso, sehemu ya tatu, wimbo wa 17 tu. Babu wa babu yake anamtabiria kwamba ataonja jinsi mkate wa watu ulivyo na chumvi, na ilivyo kazi kupanda na kushuka ngazi za watu. Mkate wa Florence hauna chumvi hata leo. Nilipofika hapo nikakukumbuka na hiyo ghorofa yako ya tano. Unga wa sembe unaupata huko?

Mama yako